Asali kwenye Hadubini

"Kitendawili," alisema Dionis.

Rasiklal hakuinua kichwa. Kioo chake cha ufundi kilikuwa kimebanwa kwenye jicho la kulia, na juu ya meza saa ya mteja ilikuwa imelala chali, matumbo nje. Barabarani mtaa wa Kanyenye, Tabora, ulikuwa umekwisha kuamka: baiskeli, wachuuzi, na mtu mmoja anayemtukana punda wake kwa lugha tatu.

"Tega, Bwana askari."

"Mwizi kaiba jicho. Hakuliuza, hakulivunja. Kalipaka asali, kalificha porini."

"Huyo si mwizi. Huyo kichaa."

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua Bombei, na nyumba zake na moshi wake."

"Nimekwenda Bombei, nimekula, nimenenepa," alisema Dionis bila kucheka, "lakini hata mimi jibu sina. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Akafungua gunia alilolishika kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akaweka mezani hadubini. Shaba tupu, mguu mweusi mzito, bomba limesimama, kioo cha duara chini kama kile cha kujitazamia. Sisimizi wawili walitoka chini yake wakaanza kukimbia kwenye matumbo ya saa ya watu.

Dionis alikuwa askari kanzu, wale wapelelezi wa polisi wasiovaa sare. Hadubini ile ilikuwa ya kituo cha malale, ugonjwa wa usingizi, cha Ipugulu, kijiji kilichoko kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji enzi za wapagazi. Ilipotea kituoni Jumapili. Siku chache baadaye wanawake waliokwenda kuokota uyoga waliona msururu wa sisimizi ukipanda kwenye lindo, lile pipa la gome la mti, limefichwa kichakani. Wakasema leo tumepata asali ya bure. Kufunua, wakakutana na jicho moja la shaba likiwatazama. Walikimbia hata mmoja akaacha kikapu, na kukifuata hataki mpaka leo.

Kumbe mtu alikwisha kukamatwa. Mpima damu wa kituo, Anton, alifungiwa stoo kwa sababu ufunguo wa chumba cha hadubini hukaa shingoni mwake, na mlango haukuvunjwa. Kesho lori lingempeleka gereza la Tabora. Daktari wa kituo alikuwa ameshasema: Anton aliiba, na Rasiklal ndiye angenunua.

"Ulitaka kuinunua hii," alisema Dionis.

"Nani kasema?"

"Daktari."

Rasiklal alitoa kile kioo jichoni, akakipangusa kwa ncha ya shati. "Nilitaka kununua ile kuukuu ya kituo iliyovunjika, nipate lenzi zake. Mke wangu Damyanti shahidi, alinigombeza wiki nzima. Hii nzima nikimbie nayo wapi? Tabora yote nani anataka hadubini? Muuza vitumbua?"

"Anayeweza kuipeleka Dar es Salaam."

"Angeipaka asali kwanza?" Rasiklal aliinama, akarudisha kioo jichoni. "Tazama. Haya macho matatu hapa chini, yanayozunguka, kila moja lina nguvu yake. Fupi, la kati, refu. Asali iko wapi?"

Dionis alitazama. "Kwenye refu peke yake."

"Peke yake. Wezi wakimwaga asali humwaga popote. Huyu kaweka tone moja, mahali pamoja, kwa adabu."

"Kwa nini refu?"

"Hapo nimefika mwisho. Mimi mtu wa lenzi moja." Aligonga kioo chake kwa ukucha. "Hii yangu ndiyo hadubini ya zamani kabisa. Lenzi moja tu. Wauza nguo wa Ulaya waliitumia kutazama nyuzi wasije kuuziwa kitambaa kibovu. Mmoja wao, Mholanzi, alisugua vilenzi vidogo kama punje ya mtama, akatazama maji ya mvua. Akaona yamejaa viumbe vinakwenda mbio. Watu wakamwona mwongo. Wengine walikuwa wameshaweka lenzi mbili kwenye bomba moja, ya chini inakuza kitu, ya juu inakuza ile picha. Lakini picha ikawa na rangirangi pembeni kama upinde wa mvua. Miaka mingi ikapita ndipo wakajua kubandika vioo vya aina mbili pamoja, kimoja kinasahihisha kingine. Baba yangu alinifundisha hayo. Habari za asali hakunifundisha."

Dionis aliokota kitu kingine ndani ya gunia, amekifunga kwenye leso. Kioo chembamba, urefu wa kidole, na katikati doa la zambarau lililogandamana na asali. "Hiki kilikuwa kimebanwa chini ya lile jicho refu."

Rasiklal akakitazama, asikiguse. "Damu?"

"Damu."

"Ya nani?"

"Ndilo jina ninalolitafuta," alisema Dionis, akarudisha hadubini kwenye gunia. "Na usisafiri, Bwana Rasiklal."

"Nisafiri niende wapi? Bombei nimekwisha kukupa wewe."

*

Daktari Hallam wa Ipugulu alikuwa Mwingereza mrefu, mwekundu wa shingo, aliyesema Kiswahili kizuri kwa haraka mbaya. Alimpokea Dionis mlangoni, akaikumbatia hadubini kabla ya kuamkia mtu.

"Anton amekiri?"

"Bado sijamuuliza, Bwana Daktari. Nakuuliza wewe kwanza. Lile jicho refu, kwa nini mtu alipake asali?"

Daktari aliinama kulitazama. Halafu akaketi, na ile haraka yake ikamtoka.

"Si asali inayopakwa hapo. Ni mafuta ya mwerezi." Akatoa mfukoni chupa ndogo, nyeusi. "Yanatoka ng'ambo, yanachelewa, kwa hiyo natembea nayo mwenyewe. Umewahi kuona mwiko ndani ya maji unavyoonekana umevunjika?"

"Kila siku, Bwana."

"Mwanga ukitoka kwenye maji kuingia hewani, unapinda. Ukitoka kwenye kioo, vivyo hivyo. Lenzi hii refu ina nguvu kuliko zote, na inakaribia damu sana, karibu iguse. Ule upenyo wa hewa uliobaki unapindisha mwanga, mwingi unapotea, unaona ukungu. Sasa ukijaza upenyo ule kwa tone la mafuta, mwanga unapita moja kwa moja kama vile ni kioo kitupu. Hapo ndipo unamwona mdudu wa malale."

"Na asali je?"

Daktari alijikuna shingo. "Inafanana na mafuta hayo kidogo. Inaweza kusaidia. Lakini ina uchafu."

Dionis akasimama dirishani. Nje palikuwa na shamba la alizeti lililozunguka kituo na kijiji chote, vichwa vya njano vimeelekea jua. Serikali ilifyeka miti pale na kulimisha alizeti, ili mbung'o, inzi wa malale, wasipate kivuli cha kukaa. Zaidi ya hapo lilianza pori lenyewe, na pori lilikuwa limefungwa. Aliyekamatwa humo alishitakiwa.

"Basi mwizi hakutaka mali," alisema. "Alitaka kuona. Na anajua kwamba jicho refu halitazami pakavu. Wangapi wanajua hilo hapa?"

"Mimi. Anton. Nesi wangu, Eustadia."

"Dresa wako, mfunga vidonda?"

"Kornel? Kornel ni mtu wa dawa na sindano. Hadubini haigusi."

"Kioo hiki cha damu ni chenu?"

Daktari alikigeuza huku na huku kwenye mwanga. "Vioo vyetu vyote vina alama pembeni, imekwaruzwa kwa sindano ya almasi. Hiki hakina. Lakini kimetiwa rangi vizuri. Damu bila rangi huoni kitu hapo. Rangi ndiyo inawatoa wadudu mafichoni."

"Rangi inakaa wapi?"

"Chumba cha dawa."

"Na wewe Bwana Daktari, ufunguo wako wa hadubini unakaa wapi?"

Shingo nyekundu ikazidi wekundu.

"Msumarini," alisema Daktari. "Chumba cha dawa."

*

Josepha, mke wa Anton, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha stoo na chungu cha uji mapajani. Hakusimama.

"Shikamoo," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayetupa kitu.

"Marahaba, mama. Anakula?"

"Anakula uji wa dresa. Wangu hautaki, anasema nikanywe mwenyewe nipate nguvu ya kulia kesho."

Ndani, Anton alikuwa mwembamba, macho mekundu, ameketi juu ya magunia ya chokaa.

"Umekuja kunisomea mashitaka?"

"Nimekuja kutega kitendawili. Bomba langu, jicho huku, jicho huku, katikati hakuna mtu."

"Hadubini. Na mimi ndiye mtu ambaye hayupo katikati. Uliza unachotaka kuuliza, afande."

"Mtu anayetumia hadubini bila wewe kujua, ni nani?"

"Sijui."

"Mtu anayeogopa hadubini, ni nani?"

Anton alifikiri. "Wote wanaiogopa. Nikisema wadudu wapo, mtu anahamishwa kambi ya wagonjwa siku ile ile. Mke huku, mifugo huku. Wananipita njiani kama mchawi."

"Hata wafanyakazi?"

"Wafanyakazi wanapimwa kila mara. Mama Eustadia huwa wa kwanza, anatania eti damu yake tamu. Bwana Daktari anapimwa. Mimi nampa Bwana Daktari kioo changu anisomee, maana mtu hajisomei."

"Na dresa?"

"Dresa mara hii hakuwepo. Alisema ana safari." Akasita. "Na mara ile ya nyuma pia. Lakini usinielewe vibaya, Kornel ndiye pekee aliyekuja kunitazama humu. Uji wa asali kila asubuhi. Watu wengine hata salamu hawana."

"Asali," alisema Dionis.

"Si Unyamwezini hapa? Mgeni apewe nini, maji?"

*

Daktari Hallam hakutaka habari za dresa. Aliposikia asali, alikuwa na mtu wake tayari.

"Lukumani!" alisema. "Mrina asali. Nilipofunga pori aliapa mbele ya watu kwamba mashine hii ndiyo imemfukuza kwenye mizinga yake."

Kwa hiyo Dionis alikwenda kwa Lukumani, ingawa moyo wake haukwenda naye. Mzee alikuwa uani, ana kofia nyeupe na kisu, anachonga kifuniko cha mzinga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umechelewa. Wenzio walionitafuta walikuja asubuhi."

"Wenzangu gani?"

"Majirani. Tangu jicho lile lionekane na asali, kila mtu ananiangalia mikono kama ina gundi. Mke wangu mwenyewe kaniuliza. Mke wangu! Nimemwambia, mama, hata wewe una asali kwenye kidevu, nikuite askari?"

"Uliapa kuivunja."

"Niliapa, ndiyo. Nilikuwa na hasira. Mizinga yangu mingi imebaki porini, nyuki wanajilisha na kujichekea. Nimebakiwa na hii michache hapa, nyuma ya alizeti." Akaonyesha kwa kisu. "Sasa ningeiba hadubini niivunje, mbona haikuvunjika? Mimi nikivunja kitu, kinavunjika."

"Nipe asali yako kidogo, Mzee."

"Kunywa?"

"Kutazama."

Lukumani alimtazama usoni muda mrefu kujua kama anadharauliwa. Halafu akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo. "Itazame. Ukimaliza kuitazama, irudishe. Si ya serikali."

Dionis hakuishia hapo. Alipita kwa Eustadia, nesi mnene mwenye sauti ya kanisani, naye akampa asali kutoka kwenye chupa yake bila kuuliza ni ya nini. Akarudi kituoni na kibuyu na kichupa kama mchumba anayepeleka posa.

"Bwana Daktari," alisema, "umesema asali ina uchafu. Uchafu gani?"

"Nta. Vumbi. Na chavua, unga wa maua."

"Unga wa kila ua unafanana?"

Daktari akaanza kukunja mikono ya shati, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Wakaikwangua asali iliyoganda kwenye kile kioo cha damu, pembeni tu, wasiguse damu yenyewe. Wakaichanganya na maji ya uvuguvugu, wakaiacha itulie, wakachukua tone la chini kabisa. Wakafanya hivyo hivyo kwa asali ya Lukumani na ya Eustadia. Daktari alikaa dirishani, akageuza kile kioo cha chini mpaka mwanga wa jua ukaingia kwenye bomba. Safari hii alitumia lenzi ya kati, isiyohitaji mafuta.

"Anza na hii. Ya Lukumani."

Dionis aliweka jicho. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Akasogea, akasubiri, na duara jeupe likafunguka mbele yake. Ndani yake vilikuwa vimejazana vitufe vyenye miba pande zote, kama nungunungu waliojikunja.

"Alizeti," alisema Daktari. "Kila mzinga ulio karibu na kijiji msimu huu lazima uwe na hivyo. Nyuki hawana pa kwenda pengine. Sasa hii, ya mwizi."

Nungunungu hakuna. Hata mmoja. Vilikuwepo vidogo, laini, kama ulezi uliomwagika.

"Miti," alisema Daktari kwa sauti ndogo. "Maua ya miti. Hii imetoka ndani ya pori."

"Na ya Mama Eustadia?"

Daktari alibadilisha kioo. Akatazama. Akatazama tena. Akainuka kwenye kiti, Dionis akaketi.

Ulezi uliomwagika. Laini. Hakuna miba.

"Siamini," alisema Daktari. "Eustadia? Mwanamke yule haendi hata mtoni peke yake."

"Mwite."

Eustadia alikuja akijifuta mikono. Dionis hakumpa kiti.

"Mama, asali yako umeipata wapi?"

"Kuna ubaya gani?"

"Jibu tu, mama."

"Nimepewa. Zawadi ya Pasaka. Kwani nyie hamkupewa? Anagawia kituo kizima."

"Nani?"

"Nani mwingine? Kornel." Akawatazama mmoja mmoja. "Mbona mmekuwa kama mnatazama maiti?"

Kichwani mwake Dionis alikwisha kuifuata njia yote. Anayerina asali ndani ya pori lililofungwa anaumwa na mbung'o. Anayeumwa na mbung'o anajua nini kinaweza kumwingia. Anayejua hivyo na hataki kuandikwa, anakwepa siku ya kupimwa. Na Jumapili ile, Daktari alipopeleka mfuko wa dawa kambini na kuondoka na mafuta yake mfukoni, ufunguo ulibaki msumarini, rangi ilibaki rafuni, na mtu mmoja akabaki na sindano ya kujichoma kidole na asali tele.

Lakini Eustadia naye anazo rangi na asali. Wakili mwenye mdomo angelisema hilo kwa dakika moja. Aliyekosekana alikuwa mwenye damu.

Alasiri ile Daktari alilazimika kwenda kambini tena, mgonjwa kazidiwa. Kabla gari halijaondoka, Dionis alimwomba ile chupa ndogo nyeusi.

"Usiimwage," alisema Daktari.

"Sitaimwaga."

*

Kornel alikuwa chumba cha dawa, anapanga chupa. Kijana mtanashati, suruali kaptula imepigwa pasi, uso wake umepungua kidogo lakini umejaa tabasamu.

"Karibu afande! Nikupe uji? Kuna asali."

"Najua kuna asali."

Dionis alikaa. Juu ya meza akaweka hadubini, kisha chupa nyeusi, kisha kile kioo cha damu. Kornel aliendelea kupanga chupa, ila sasa alikuwa anapanga zile zile alizokwisha kupanga.

"Hii hadubini unaijua kuitumia, Kornel?"

"Mimi? Mimi wa bandeji na sindano, afande. Hiyo kazi ya Anton, maskini. Nani angemdhania!"

"Kuna za aina nyingi, Daktari ananiambia. Nyingine huangaza kutoka pembeni, mdudu akang'aa mweupe gizani. Ulaya sasa wana kubwa kama kabati, inatumia umeme badala ya mwanga, inaona vitu ambavyo hii haitaviona kamwe. Lakini Ipugulu tuna hii tu. Na damu hii hapa haina alama."

"Labda Anton alikuwa anajifunza."

"Labda. Anton anakwenda Tabora kesho. Kesi imekwisha, na kioo kisicho na jina si ushahidi wa kitu. Daktari hana haja nacho." Dionis akakichukua kile kioo kwa vidole viwili, akakishika miisho yote miwili. "Nitakivunja, nioshe meza, nikalale."

Kornel akageuka kutoka rafuni.

Dionis akakunja vidole. Kioo kikalia, mlio mdogo sana.

"Usivunje!"

Chupa ilianguka rafuni ikapasuka. Hakuna aliyeitazama.

"Kwa nini?" aliuliza Dionis.

"Usivunje, afande. Nakuomba." Tabasamu lilikuwa limemtoka lote, na bila hilo alionekana mgonjwa, mashavu yameingia ndani. "Sijaiona. Sijaiona vizuri. Nimekwenda pale porini kila siku, nimegeuza kile kioo kwenye jua, nimeweka asali kama nilivyomwona Anton akiweka mafuta, naona ukungu, naona vitu. Vingi! Sijui ni wadudu au ni uchafu wa asali. Nikijichoma tena, rangi imekwisha, Daktari atauliza."

"Ungepimwa na wenzako."

"Nipimwe niandikwe? Nimechaguliwa kwenda kusomea uganga. Jina langu limekwisha kupelekwa. Mwenye malale hapelekwi popote ila kambini. Na wangeniuliza nimeumwa wapi. Pori nimelifunga mimi, afande! Mimi ndiye niliyesimama na Daktari nikawaambia watu anayeingia humo mjinga."

"Na Anton ukamwacha stoo."

"Nilimpelekea uji."

Dionis alimtazama. Kwa miaka yote ya kazi hii alikuwa amesikia visingizio vya kila aina, na hiki kilikuwa kidogo kuliko vyote. Akasimama mlangoni, akamwambia askari wa zamu amlete Anton.

Anton aliingia na chokaa kwenye nguo, Josepha nyuma yake hakukubali kubaki nje. Anton aliona hadubini, akaona Kornel, akaona chupa iliyopasuka. Hakuhitaji kuelezwa mengi. Dionis alimweleza machache.

"Uko huru," alimaliza. "Kisomwe kioo hiki kwanza."

"Damu yake?"

"Yake."

Anton aliketi. Aliifuta ile lenzi refu kwa pamba iliyolowa, taratibu, mpaka asali yote ikatoka, akakisafisha na kile kioo. Akaweka tone la mafuta. Aliinama akatazama kutoka pembeni akiishusha lenzi mpaka iguse mafuta, na hapo ndipo alipoweka jicho, akawa anapandisha polepole kwa kile kigurudumu kidogo. Josepha alikuwa amekunja mikono kifuani, macho yake hayakuwa kwa mumewe bali kwa Kornel, na Dionis aliyaona macho yale akafikiri jambo baya. Anton akisema hakuna wadudu, nani atambishia? Daktari yuko mbali. Kornel ataondoka na furaha yake, na miezi michache ijayo atasinzia akiwa amesimama, na hataamka. Hakuna gereza refu kama hilo.

Anton alisogeza kioo. Akasogeza tena.

"Sema basi!" Kornel alisema.

Anton aliendelea kutazama kidogo. "Wapo."

"Uongo."

"Wapo, Kornel."

"Unanilipiza! Afande, huyu ananilipiza, unadhani angesema nini? Nimemweka ndani! Hata ingekuwa maji angesema wapo!"

Dionis naye alikuwa amemshuku Anton, ila upande mwingine. Anton hakubisha. Aliinuka kwenye kiti, akasimama kando.

"Kaa," alisema.

Kornel alimtazama, akaketi. Aliweka jicho.

"Yale maduara mengi ni damu yako, yaache. Tazama baina yake. Usishike bomba, unatikisa. Geuza kile kidogo, kwako. Basi. Unaona nini?"

"Duara."

"Baina yake."

Kornel akageuza kigurudumu kidogo tena, kisha akakiacha.

"Kama uzi," alisema. "Umejikunja. Una kitone katikati."

"Una ukingo kama pindo la nguo?"

"Unao."

"Ndiye. Sogeza kioo kushoto, utamkuta mwenzake."

Kornel akasogeza. Hakuuliza tena. Alitazama mmoja, akasogeza, akatazama mwingine, safi bila ukungu, na wote walimwona wakati alipoacha kutafuta. Akainua kichwa. Jicho lake lilikuwa limeacha duara jekundu kwenye ngozi.

"Ni wachache," alisema Anton. "Hawajakwenda kichwani, nadhani. Wakikaa kwenye damu tu dawa inawapata." Halafu akamgeukia Dionis. "Naweza kwenda nyumbani sasa?"

"Nenda."

Josepha alitangulia kutoka. Anton alimfuata, na hakumtazama Kornel tena wala kumuaga.

Dionis alikuwa ameshatoa pingu. Kornel aliziona, akaona na kabati la dawa nyuma yao, lile ambalo ufunguo wake alikuwa nao yeye. Akautoa mfukoni akauweka mezani. Kisha, yule aliyezoea kuwakunjia watu mikono ya nguo, akakunja wa shati lake mwenyewe mpaka juu ya kiwiko, akaunyosha mkono mtupu mbele ya Dionis.

Dionis akazirudisha pingu mfukoni.

"Mwite Mama Eustadia," alimwambia askari wa mlangoni. "Mwambie aje na sindano."